Kirusi Kiitwacho Petronilla Amuge

Malaba,
11 Februari 2025

Dada Dolphine,

Sitakuuliza kama u mzima, kwa sababu mwenye mguu unaooza si wewe. Na usiniulize kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Kwa simu unanikatiza kila ninapofika kwenye hoja. Karatasi haikatizi.

Sanduku hili la barafu lina kichupa cha usaha wa Mama, alichonipa daktari mwenyewe, pamoja na chupa za maji machafu ulizoniagiza. Zimeandikwa zilikotoka: mtaro wa hospitali, choo cha maegesho ya malori, mfereji wa soko, na shimo la kichinjio. Kule kichinjioni Obuya aliacha kuchuna ng'ombe ili anitazame vizuri. "Mwalimu," akasema, "serikali imewanyima hata maji ya kunywa?" Kondakta wa basi naye aliuliza nimebeba nini, nikamwambia samaki. Akanusa kifuniko. "Huyu samaki alikufa kabla ya uhuru, mzee."

Mama hacheki tena. Tangu lile trela limgonge akitoka misa, chuma walichomtia pajani kimekuwa nyumba ya wadudu. Daktari anasema ni Klebsiella, na kwamba imezoea kila antibiotiki iliyomo kabatini mwake. Kilichobaki ni kuukata mguu kutoka nyongani, na hata hapo hana hakika kwamba ataokoka. Mama alimjibu, "Mtaukata mkishanizika. Mtu akifa hahisi msumeno."

Sasa unasema kuna virusi vinavyokula bakteria, na kwamba huenda vinaishi katika uchafu wetu. Haya. Lakini nakuonya, dada. Watu wa maabara wamekuja mpakani hapa kwa kila ugonjwa uliowahi kutajwa redioni. Huwatoa damu madereva, huondoka, huandika makala. Sijamwona bado dereva aliyesoma makala akapona.

Kakako,
Okwi Emukule


Nairobi,
3 Machi 2025

Kaka Okwi,

Yoga, kwa Kiteso chetu. Mimi bado nasalimia watu.

Samaki wako alifika akinuka, nasi tukamchuja. Sikiliza, maana habari ni njema. Tuliotesha bakteria wa Mama kwenye sahani mpaka wakafunika sahani yote kama utando wa uji uliopoa. Kisha tukadondosha maji yako juu yake. Chupa ya hospitali haikufanya kitu. Ya malori haikufanya kitu. Ya Obuya, asubuhi yake, ilikuwa imetoboa utando ule matundu matundu, safi kama kioo. Katika kila tundu kirusi kimoja kilikuwa kimeingia ndani ya bakteria, kikazaana, kikampasua, kikahamia kwa jirani yake.

Kwa hiyo kipo. Lakini hatuwezi kukitia mwilini mwa Mama kwa sababu tu kimetoboa sahani. Viko virusi vyenye hila: vinaingia ndani ya bakteria na badala ya kumuua vinajishona katika jenomu yake, yaani katika maandishi yake yote ya urithi, na kulala humo. Vingine humletea bakteria zawadi ya sumu, na hali ya mgonjwa inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Njia ya kujua ni kuisoma jenomu ya kirusi chenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho. Kamati ya hospitali nayo haitatoa ruhusa kabla ya usomaji huo kukamilika na kusajiliwa katika benki ya jenomu, kwa jina, ili mtu yeyote aweze kuukagua.

Kwa sasa tunakiita kwa herufi za maabara yetu na nambari. Ndiyo desturi.

Usimpe Mama matumaini mengi. Mpe uji.

Dolphine


Malaba,
10 Machi 2025

Dada,

Herufi za maabara yenu!

Kilizaliwa wapi kirusi hicho? Katika damu ya ng'ombe wa Adungosi, kwenye shimo la Obuya, ambalo hakuna profesa aliyewahi kuinama juu yake. Kikala nini? Kimeota kwa usaha wa mama yetu. Halafu kinabatizwa kwa herufi za mlango wa ofisi Nairobi.

Nimefundisha historia nusu ya maisha yangu, na nakwambia wizi wote huanza na jina. Ziwa tunalokula omena wake linaitwa kwa jina la malkia ambaye hakuwahi kulowesha kidole ndani yake. Mtu mmoja alichora mstari kwenye karatasi na wajomba zetu wakaamka wakiwa Waganda bila kuhama kitanda. Mkiniambia jina si kitu, nitawauliza: kama si kitu, mbona hamtuachii sisi?

Kipeni jina la hapa. La mtu, la kijiji, la ng'ombe mkitaka, lakini la hapa. La sivyo nitaandika gazetini, nami nitataja kila herufi ya maabara yenu moja moja.

Mama ana homa jioni. Jana aliniita kwa jina la baba, kisha akatambua, akacheka kidogo. Harakisheni.

Okwi


Nairobi,
22 Aprili 2025

Kaka,

Nimesoma jenomu yote. Nilianza na ile jeni ya kujishona na kulala, kwa sababu ndiyo niliyoiogopa. Haipo. Nikatafuta za sumu. Hazipo. Nikatafuta zile zinazomfundisha bakteria kuizoea dawa. Hazipo. Nikakilinganisha na virusi vyote vilivyomo katika benki ya dunia, na aliye jamaa yake wa karibu ni kama binamu wa binamu, aliyepatikana mbali sana na kwetu. Ni kipya, Okwi. Ni muuaji safi asiyeacha kitu nyuma yake. Niliinuka kwenye kiti nikaenda kulia chooni ili wanafunzi wasinione.

Na kuhusu jina, umeshinda. Profesa alisoma barua yako (nilimtafsiria sehemu zenye adabu) akasema aliyekipata ndiye akiite. Nami nimekiita Petronilla Amuge. Majina yote mawili, asije akadhaniwa mtu mwingine. Nimekisajili hivyo. Atakayekitafuta, awe Brazili au Japani, atakuta: Petronilla Amuge, Malaba, Kenya. Malkia wako hana kirusi.

Nakuomba jambo moja. Usimwambie. Nataka nimwambie mimi, siku atakaposimama.

Faili iko mbele ya kamati sasa.

Dolphine


Malaba,
5 Mei 2025

Dada mpendwa,

Nisamehe, sikuweza. Mtu hafichi ushindi kama mwizi wa kuku.

Makala yangu imetoka Ijumaa, nusu ukurasa, na jina la Mama limo kwenye kichwa cha habari. Jana paroko alinipa nafasi baada ya matangazo, nikalieleza kanisa zima kwamba jina la mama yetu limeingia katika benki ya dunia. Watu walipiga makofi, ingawa si wote. Wazee wa ukoo wa Mama walikaa kimya kwenye mabenchi yao, lakini wale hata siku ya Pasaka huwa hivyo hivyo.

Kisha nilienda wodini na gazeti. Nilisimama katikati ya vitanda nikalisoma kwa sauti, akina mama wote wakisikiliza. Winny, yule wa Namboboto aliyelazwa karibu naye, alijiziba mdomo kwa mkono. Yule muuguzi msaidizi, Jentrix, aliacha kukunja shuka. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu.

"Limeshaandikwa?"

"Limeandikwa, Mama. Hakuna wa kulifuta."

Akageukia ukuta. Unamjua, hapendi kuonekana akilia kwa furaha.

Kamati wamelala? Waamshe.

Kakako mwenye fahari,
Okwi


Wodi ya Wanawake,
9 Mei 2025

Mwanangu Aguti,

Anayeandika ni Jentrix, maneno ni yangu. Nimemwambia asiyapambe.

Kaka yako amenisomea gazeti. Sijamwambia haya ninayokwambia wewe. Angegombana na daktari, kisha angeyaandika gazetini pia. Wewe ndiye uliyelitoa jina, kwa hiyo nazungumza nawe.

Ulipozaliwa, nyanya yako alichovya kidole katika pombe ya wimbi akakutia mdomoni huku akiita majina. Aliita la kwanza, ukakitema kidole. La pili, ukalia. Alipoita Aguti ukanyonya. Aguti wa kwanza alikuwa ameshazikwa, nyasi zilikuwa zimeota juu yake. Jina lake lilikuwa halina mwili, likaingia kwako, likatulia. Katika nyumba ya baba yangu ndivyo ilivyokuwa. Jina la mtu haliitwi juu ya kitu kingine yeye angali anapumua. Ukiliita, umemwambia atoke.

Najua hukukusudia. Ulikwenda bweni ungali mdogo, hukukaa jikoni ukasikia. Okwi alisikia, lakini kusoma kumemfundisha kusahau.

Wanawake wa ukoo wamekuja kunisalimia. Walikaa chini, mmoja akanishika mguu ule mzima kama mtu anayeaga. Sikuwalaumu.

Sasa sikiliza. Dawa nyingine nitameza. Sindano wachome. Hata huo mguu, nimebadili nia, waukate wakitaka. Lakini kile kilichochukua jina langu kisiingie mwilini mwangu. Kikiingia, katika sisi wawili mmoja lazima atoke, nami najua ni nani aliyechoka. Waambie wenzako kwamba nimekataa. Nimekataa nikiwa na akili zangu.

Mama yako,
Petronilla Amuge


Nairobi,
14 Mei 2025

Kaka,

Umeniambia jana kwa simu kwamba Mama hatambui mtu tena, na kwamba daktari anasema damu yenyewe imeshaingiliwa na sasa hata kumpasua hawezi. Kamati imetoa ruhusa leo. Sanduku hili lina dawa. Mpe daktari mkononi, si mtu mwingine.

Mama hawezi kujisemea, kwa hiyo wanahitaji sahihi ya mwanawe aliye karibu. Watakuuliza kama mgonjwa aliwahi kukataa matibabu haya. Jibu kwa unachokijua wewe. Je, umewahi kumsikia akikataa? Basi.

Usiandike insha. Tia sahihi.

Dolphine


Malaba,
20 Juni 2025

Dolphine,

Amepona. Nalitanguliza hilo ili usije ukasema baadaye kwamba nilikunyima.

Homa ilivunjika. Usaha ulipungua, ukawa maji, ukakauka. Daktari alileta wanafunzi waone kidonda, wakasimama pale kama mahujaji. Mama alikaa kitandani akaomba uji, akala, akaomba mwingine. Nami mpumbavu nilikuwa nimeanza makala ya pili.

Kisha daktari akapita raundi na faili. "Petronilla Amuge?" Mama akamtazama. "Petronilla Amuge, habari ya leo?" Hakuitika. Daktari akadhani homa imemharibia masikio. Akainama, akapaza sauti. Mama akamjibu polepole, kwa adabu kabisa, "Daktari, huyo ametoka. Mliyembakiza hapa sijui mtamwitaje."

Nilimfuata Jentrix mpaka mahali pa kufulia shuka. Nikamuuliza Mama ana nini. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mwalimu, unaniuliza mimi? Si ulitia sahihi ukijua?"

"Nikijua nini?"

"Kwamba alikataa. Ile barua niliiandika kwa mkono huu. Nilidhani Dolphine amekusomea, mmeamua nyinyi kama watoto wake. Ndiyo sababu nilinyamaza."

Kwa hiyo ulikuwa nayo. Siku ile uliyoniandikia "jibu kwa unachokijua wewe", barua yake ilikuwa mezani pako. Ulikichagua kitenzi chako kwa kibano, kama unavyochagua vitu vyako vya maabara. Hukusema uwongo hata kidogo, na ukanifanya mimi niutie sahihi.

Unajua nimeandika nini maisha yangu yote? Kwamba mwili wa maskini si shamba la kila mwenye jembe. Kwamba mtu aulizwe, na akijibu hapana, iwe hapana hata kama imesemwa kwa Kiteso na mwanamke asiyejua kuandika. Nimewatukana kwa hilo wamishenari, mabwana shauri, na wizara nzima. Wote hao walikuwa wageni. Sikuwahi kufikiri nitapaswa kumwandikia dada yangu.

Okwi Emukule


Nairobi,
28 Juni 2025

Okwi,

Ndiyo, nilikuwa nayo. Niliisoma mara nyingi kuliko ulivyosoma makala yako. Nilikuwa na barua mkono mmoja na ruhusa mkono wa pili. Mwenye barua angekufa kabla ya Jumapili, na mwenye ruhusa angeweza kuishi. Wewe ungenishauri nini? Usijibu. Najua ungenishauri nini, ndiyo maana sikukuuliza. Ungeiheshimu hapana yake kwa kurasa kumi, kisha ungemzika kwa hotuba.

Na kwa kuwa tunagawana, chukua fungu lako. Nani aliyezikataa herufi na nambari? Kirusi kingekuwa na nambari hadi leo na Mama angekipokea kama panadoli. Nani aliyeambiwa asiseme, akapanda madhabahuni? Mimi nililitoa jina kwa kutojua. Wewe ulikuwapo jikoni. Ulijua, ukaona fahari ni tamu kuliko kujua.

Nimewaandikia watu wa benki. Wamekubali kulibadilisha, lakini wanasema jina la kwanza hubaki katika historia ya faili, ili atakayekuja baadaye aweze kufuatilia. Huo ndio uaminifu wao, na hawawezi kuuvunja kwa ajili ya mwanamke mmoja wa Malaba. Niliwaelewa. Ningefanya vivyo hivyo.

Nakuja Agosti. Sikuombi unipokee.

Mimi ningetia sahihi tena, Okwi. Hilo nalo liandike gazetini.

Dolphine


Malaba,
31 Agosti 2025

Mwanangu,

Jentrix amekuja nyumbani baada ya zamu, ndiye anayeandika.

Ulipokuja nilikuchinjia kuku nikakupa kiti cha wageni. Nimesikia ulimlalamikia kaka yako kwamba nilikufanya mgeni. Sikukusudia kukudharau. Mwenye nyumba ndiye anayejua nani ni mgeni na nani si mgeni, na siku ile sikuwa na hakika ni nani anayekukaribisha.

Mguu ni mzuri. Naenda kisimani na fimbo, narudi na ndoo ndogo. Mahindi nimevuna mwenyewe. Watoto wa shule wamezoea, wananisalimia "shikamoo nyanya". Wanawake wa ukoo bado wanatafuta la kuniita. Wakikutana nami njiani wanaanza kusema kitu kisha wanakohoa. Padre aliniita kwa lile la ubatizo wakati wa komunyo. Nilibaki nimefunga mdomo, akapita.

Daktari anasema ile dawa amepewa dereva mmoja aliyevunjika huko barabarani, naye anapona. Ni vizuri, ana mama yake naye. Akiuliza nani amemponya, mwambieni ukweli, kwamba ni Petronilla Amuge.

Kaka yako anakuja kila jioni, anakaa mlangoni, anataka nimkasirikie. Wewe nadhani unataka nikushukuru. Nyote wawili mnasubiri. Mimi sina hasira, na siwezi kusema sijafurahi kuliona jua. Ila kuna jambo moja nalitafuta na silipati. Nilikuwa mgonjwa, lakini nilikuwa mtu. Nilimwita mwandishi, nikayapanga maneno yangu, nikakutumia. Ukayasoma yote. Kisha ukafanya kama mtu aliyeletewa karatasi tupu.

Barua zako zinakuja na lile jina juu ya bahasha. Mtu wa posta anasimama getini akiliita, nami namwambia aliyelichukua yuko Nairobi, ndani ya barafu. Anaondoka nazo. Usitume nyingine.

Jentrix ananiuliza aandike nini hapa chini. Nimemwambia aache hivyo hivyo.